Musyoka Ametajwa Tena

Kijana mmoja anayesomea shahada ya uzamili alikuja kunitembelea hapa Kathonzweni, Makueni, majuzi, akanikuta nikifukuza mbuzi wa jirani kwenye kunde zangu. Hata chai ilikuwa haijachemka alipouliza, "Daktari, kwani citations zako zimefika ngapi?" Alitaka kujua watafiti wengine wamezitaja makala zangu mara ngapi tangu nianze kuandika. Nilimwambia anywe chai kwanza. Swali kama hilo haulizwi mtu mwenye fimbo mkononi.

Baada ya kuondoka kwake niliona nimemnyima jibu, naye alikuwa ametoka mbali. Kwa hiyo jibu nalitoa hapa, kwake na kwenu ninyi nyote mnaoanza kazi hii ya kusoma DNA ya mimea na kuichambua kwa kompyuta. Nitazunguka kidogo kabla ya kufika. Nivumilieni, uzee nao una haki zake.

Namba yangu ni ndogo. Niliosoma nao walikwenda kwenye malaria na saratani, mambo yanayosomwa na dunia nzima, mimi nikabaki na mboga. Ukiandika juu ya kunde za Kitui na Makueni, wasomaji wako wote wanatosha kwenye benchi moja la kanisa, tena wanabakiza nafasi ya kuweka mikoba.

Halafu makala yangu inayotajwa kuliko zote haihusu kunde sana. Inahusu mchele. Jani la kunde ukilichuma na kulitia mfukoni huanza kuoza kabla hujafika barabara ya lami, na jani lililooza halikupi DNA ya maana. Inabidi ulikaushe upesi kwa silika, zile chembe za kunyonya maji ambazo hukaa kwenye vipakiti ndani ya viatu vipya. Mwaka mmoja silika ilituishia tukiwa mashambani upande wa Tawa. Fundi wetu wa maabara, Musyoka, alikuwa mwenyeji wa huko, akatupeleka kwake. Mkewe Kalondu akaukaanga mchele mkavu kwenye sufuria hadi ukawa wa kahawia, tukauacha upoe, tukaufungia kwenye mifuko pamoja na majani. Yakakauka vizuri ajabu. Kalondu alisimama mlangoni akitazama mchele wake ukimwagiwa majani mabichi, akasema, "Na vile mmesoma hivyo, hakuna mtu aliwafunza mchele unawekwa maji?"

Tukaandika makala fupi juu ya mbinu hiyo. Mhakiki mmoja wa jarida akataka kujua ulikuwa mchele wa aina gani, nikajibu kwamba ni aina ile ya dukani. Kumbe duniani kuna maabara nyingi zisizo na silika, na kila moja hututaja. Nikimwambia Kalondu, husema hiyo ya mchele wangemtaja yeye, kwa sababu ndiye aliyeungua mkono.

Lakini ninayetaka kuwaambia habari zake ni mumewe.

Musyoka alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti nzito ya kwaya, na alifanya kazi akiimba nyimbo za kanisani. Ukimpa tyubu ndogo mia ajaze bafa, ule mchanganyiko wa kuhifadhia DNA, alikuwa anasogeza pipeti ya kupimia matone kwa mapigo ya wimbo, na kila tyubu ilipata kiasi kilekile. Wageni walidhani anacheza. Mimi nilijaribu kumuiga, nikaharibu sampuli, kwa kuwa nyimbo zangu huenda mbio. Nilijifunza kwamba kila mtu atafute mapigo yake mwenyewe.

Na kwa kuwa tumefika kwenye tyubu, sikilizeni neno la maana kuliko mengi mtakayosoma vitabuni: andikeni lebo kwa penseli. Mwanzoni mwa kazi yake, kabla sijaingia maabara ile, Musyoka aliandika kwa kalamu ya wino, spiriti ikamwagika, na safu nzima ya tyubu ikabaki haina majina. Zikatupwa zote. Tangu siku hiyo aliandika kwa penseli kwenye kikaratasi cha kutia ndani ya mfuko, akaandika tena nje, akakwaruza na kifuniko kwa sindano. Hakuwahi kukosea tena. Ila mnawajua watu. Mtu akiangusha chungu mara moja, hata kingine kikianguka chenyewe ataulizwa yeye.

Mkuu wa maabara yetu alikuwa Mzee Nzioka. Jina la maabara halina haja hapa, ilikuwa ndogo na sasa imebadilika. Mzee Nzioka ndiye aliyenifundisha kazi. Zamani zile hatukuwa na hizi mashine zenu zinazokaa kiganjani na kusoma DNA mkiwa shambani. Tulimwaga jeli iliyofanana na uji ulioganda, tukapitisha umeme, tukasoma mistari ya DNA kwa macho juu ya taa, rula mkononi. Akiniona nimeshangilia tokeo fulani, alikuja taratibu akaniambia, "Syombua, ukiona maajabu, shuku mkono wako kwanza. Mbegu utaishuku baadaye." Ni neno la kweli, na mlishike. Mara nyingi mno ni mkono.

Tulipoanza kutumia kompyuta, mzee alikuwa karibu kustaafu, nami sikuwa msichana tena. Nilijifunza kuandika amri kwenye kile kioo cheusi kama mtoto anayejifunza kushona, nikijichoma kila siku. Umeme ulikuwa ukikatika kazi inapokaribia kuisha, na kazi yote inaanza upya. Nilikuwa na faili lililoitwa "mwisho", lingine "mwisho kabisa", na lingine "mwisho wa kweli", na lililokuwa sahihi ni la kwanza. Msicheke, nimeziona kompyuta zenu.

Sasa, utafiti wenyewe. Tulikusanya mbegu za kunde za kienyeji kutoka kwa akina mama wa Makueni na wa Kitui, ng'ambo ya mto Athi. Hazikuwa za dukani. Zilikuwa za kwenye vibuyu, zilizohifadhiwa kwa majivu. Musyoka ndiye aliyezibeba, akazipa majina, akazipanda, akachuma majani, akatoa DNA. Nusu ya mbegu za kila mama tuliipeleka benki ya mbegu, ikiwa na lebo zake za penseli, kwa sababu Mzee Nzioka hakukubali kazi isiyo na akiba. Mimi kazi yangu ilikuwa kompyuta. Unaipa DNA yote, nayo inachora kitu kama mti wenye matawi, na mbegu zinazofanana zinakaa tawi moja. Tulitarajia tawi la Kitui na tawi la Makueni, hadithi nyepesi, makala tayari.

Mti ulipotoka, mbegu kadhaa za Makueni zilikuwa zimekaa kwenye tawi la Kitui. Hazikuwa karibu nalo, zilikuwa katikati kabisa, zimetulia kama mgeni aliyekwisha kuvua viatu.

Mzee Nzioka aliutazama mti ule kwa muda, kisha akafunga mlango.

"Huyu mtu amechanganya tena," alisema.

"Mzee, hatuna hakika."

"Tuko na hakika gani ingine? Kunde haivuki mto na miguu." Aliketi. "Nampenda Musyoka, usifikirie simpendi. Lakini siwezi peleka makala iko na tyubu zimechanganywa. Toa hizo sampuli. Na mkataba wake ukiisha, mimi sitaweka sahihi mwingine."

Mkataba ulikuwa karibu kuisha. Musyoka alikuwa na watoto shuleni, na umri wake haukuwa wa kwenda kuanza kubisha milango ya watu. Zaidi ya hayo kulikuwa na jina lake. Fundi aliyefukuzwa kwa kuchanganya sampuli hapati maabara nyingine.

Sijui nani alimwambia. Nilijua tu kwamba amejua siku niliyoingia maabara nikakuta kimya. Mashine zilikuwa zikivuma, pipeti ikienda, na yeye haimbi. Alipoona nimesimama alisema bila kugeuka, "Daktari, mimi sikumbuki nikichanganya. Lakini hata ile siku ya spiriti ilinipata nikiwa nafikiria niko sawa. Labda ni mimi."

Wanangu, nimewahi kukataliwa makala na majarida mengi, na nimewahi kusimama mbele ya watu nikasahau hotuba yangu yote. Hakuna kilichoniuma kama kumsikia mtu makini kama yule akijishuku mwenyewe.

Nilimwomba mzee anipe muda kidogo. Tukatoa DNA upya kutoka kwa mimea iliyokuwa bado shambani, safari hii nikakaa na Musyoka mezani, kila lebo tukiisoma wawili. Mti ukatoka vilevile. Nilimpelekea mzee nikidhani yameisha.

"Basi zilichanganyika zikiwa bado mbegu," alisema. "Nani alizibeba?"

Nikaukunja mti wangu nikatoka, kwani alizibeba Musyoka.

Jioni hiyo nilirudi nyumbani nikiwa na hasira, na mtu mwenye hasira naye anakula. Nikaingia shambani nyuma ya jiko kuchuma majani ya kunde ya kupika na ugali. Mimi ni mzaliwa wa Mutomo, Kitui. Huku Makueni nimeolewa. Nilipokuwa nachuma nikaona ile mistari myembamba ya zambarau kwenye kikonyo, nikamkumbuka mama. Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza alikuja kunitazama na kiondo mgongoni. Ndani mlikuwa na unga wa uji, kuku amefungwa miguu, na kibuyu cha kunde zilizochanganywa na majivu. Mama mkwe wangu alikuwa na kunde zake, nyingi na nzuri. Mama alizisifu kwa adabu, kisha akaninong'oneza, "Hizi zipande karibu na jiko. Usiku ukikumbuka nyumbani, uchume kesho yake." Nilizipanda, nikazichuma, nikalia kidogo, nikazoea. Miaka yote hiyo nilikuwa nakula kunde za Kitui juu ya udongo wa Makueni.

Nilisimama pale na majani mkononi mpaka mume wangu akauliza kama kuna nyoka.

Fomu yetu ya kukusanya mbegu iliuliza mambo mengi: shamba la nani, udongo wa aina gani, mvua ikoje, unapanda lini. Hakuna mahali ilipouliza: mama yako ni wa wapi? Tulikuwa Wakamba watupu katika maabara ile, kuanzia mzee mpaka mlinzi wa lango, na kila mmoja wetu alijua kwamba mama wa bi harusi huja na mbegu. Ndiyo sababu hatukuuliza. Mgeni kutoka nchi nyingine angeuliza siku ya kwanza. Jambo ulilonyonya na maziwa hulioni kama ni habari.

Asubuhi nilimchukua Musyoka, tukapanda pikapu, tukarudi kwa wale akina mama ambao kunde zao zilikuwa zimekaa kwenye tawi la Kitui. Sikumwambia ninachotafuta. Niliogopa kumpa tumaini la bure.

Wa kwanza hakuwa mbali na kwangu. Alikuwa akipepeta ndengu.

"Hizi kunde ulitoa wapi?" nikamuuliza.

"Ni za mwaitu." Alimaanisha mama yake mzazi.

"Mwaitu ni wa wapi?"

"Ikutha."

Ikutha ni Kitui. Nilimtazama Musyoka. Alikuwa bado hajaelewa, ameshika penseli yake tu. Wa pili akasema mama yake ni wa Mutomo. Wa tatu akasema Kanziko, akaongeza kwamba mama alizivusha Athi akiwa amezifunga kwenye leso kiunoni, maji yakiwa magotini. Hapo Musyoka akaacha kuandika, akanitazama.

"Daktari," alisema tulipokuwa tukirudi garini, "kumbe zilikuja na harusi?"

"Zilikuja na harusi."

Akafungua mdomo kama anayetaka kuimba, akaufunga. "Wacha tumalize zote kwanza," alisema.

Na kweli kulikuwa na aliyetaka kutuvunja moyo. Mama mmoja wa upande wa Tawa alituambia mama yake alizaliwa kijiji kilekile, na nyanya yake pia. Hakuna Mkitui kwao, alisema, hata wa dawa. Musyoka aliinamisha kichwa. Nikauliza tena, taratibu, kama mtu anayetafuta sindano kwenye zulia, "Na hizi hasa, hizi tulichukua kwako, ulipewa na nani?"

"Hizo?" Akaangua kicheko. "Hizo ni za mke wa kijana yangu! Zangu zilikuwa chungu. Huyo msichana akikuja kuolewa alikuja na zake tamu, nikaacha zangu mimi. Lakini usimwambie, atavimba kichwa."

Nilicheka mpaka machozi, na sikuwa nikicheka kunde.

Walibaki wawili. Hao hawakukumbuka kabisa. Kunde zilikuwepo tu, walisema, tangu wakati wa njaa fulani ya zamani, na aliyezileta wameshamsahau. Tulibembeleza, tukauliza wazee, wapi. Wale wawili tuliwaandika jinsi walivyo: hatujui.

Mzee Nzioka alisoma maelezo yangu akiwa amesimama. Alipofika kwa yule mama wa kunde tamu, alitabasamu, na yeye hakuwa mtu wa kutabasamu ovyo. Kwenye wale wawili alilisoma lile "hatujui" kwa sauti. Kisha akavuta mkataba kutoka kwenye droo, akatia sahihi, akatoka nao mpaka mlangoni mwa maabara. Hakuomba msamaha, watu wa rika lake hawakufundishwa. Alisema, "Musyoka, kwani hapa kuna matanga? Mbona kumenyamaza hivi?"

Musyoka alianza wimbo kwa sauti ya juu mno, ikabidi aanze upya.

Tulipoandika makala, niliweka jina langu kwanza, la mzee la pili, na la Musyoka kwenye shukrani, mwishoni kabisa, kama ilivyokuwa desturi kwa mafundi. Mzee aliirudisha karatasi. Alikuwa amekata jina lake pale pa pili, akaandika Musyoka, na yeye mwenyewe akajipeleka wa tatu. Musyoka alipoiona alisema wamekosea. Nikamwambia hawajakosea. Jarida la kwanza lilitukataa, likiuliza tunajuaje kwamba akina mama hawakudanganya. Jarida la pili likaikubali.

Miaka ikaenda. Haikuwa makala ya kutikisa dunia. Kila baada ya muda mtafiti fulani aliitaja, wa mtama, wa mihogo, wa maharagwe ya milimani. Lakini katika kutajwa huko kulikuwa na mwiba. Watu wengine waliandika, kwa adabu ya kisomi ambayo inauma kuliko tusi, kwamba zile mbegu mbili zisizo na maelezo "huenda zilitokana na kuchanganyika kwa sampuli". Musyoka alikuwa akisoma. Siku ya chai yake ya kustaafu, keki imeshakatwa na watu wanaondoka, alinivuta kando.

"Na zile mbili, Daktari? Unafikiria ni mimi?"

"Si wewe."

"Unasema hivyo juu unanipenda."

Hilo sikuweza kulikana. Alikufa bado anajiuliza.

Mnajua kompyuta inaweza kukutumia ujumbe kila makala yako inapotajwa. Ujumbe wa kwanza baada ya mazishi ulikuja kabla udongo haujatulia. Nikampigia Kalondu bila kufikiri, nikasema, "Ametajwa." Akauliza wapi. Nikasema Brazili. Akauliza wamesema nini. Ilibidi nimweleze ukweli, kwamba ndani ya makala zetu huandikwa jina la mtu wa kwanza tu, kisha "na wenzake". Lakini ukienda mpaka kurasa za nyuma, kwenye marejeo, majina yote yapo, na la Musyoka ni la pili.

"Basi wewe uwe unaenda mpaka nyuma," alisema.

Tangu hapo naenda mpaka nyuma. Nikishaliona jina kwa macho yangu, nampigia. Yeye huwatangazia akina mama wa mwethya, kikundi chao cha kusaidiana kulima, na nasikia Tawa nzima inajua nchi ambamo Musyoka ametajwa na yeye hakuwahi kupanda ndege. Kwetu mtoto hupewa jina la babu yake ili jina liendelee kuitwa. Kalondu ana mjukuu anayeitwa Musyoka, mtoto wa kijana wake wa kwanza, na kama nyanya wengi wa huku humwita "mume wangu", humtania, humgombeza kwa makosa ya marehemu. "Wewe Musyoka, ulinioa ukaniacha na mbuzi!" Mtoto anacheka tu.

Sasa nifike nilikokuwa nakwenda. Muda si mrefu uliopita ulikuja ujumbe mwingine. Ni makala ndefu ya kijana wa ng'ambo ambaye simjui, na anaijua kazi. Alichukua kunde zetu zilezile kutoka benki ya mbegu akazisoma DNA yote, mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo sisi na jeli yetu tusingeliota. Nilipofika katikati nikaona anasema tulikosea. Mabibi harusi walileta mbegu, ndiyo, lakini tulitia chumvi. Nyingine zilifika kwa magunia ya wafanyabiashara nyakati za njaa, zikagawanyika Kitui na Makueni kwa pamoja. Nilisoma tena na tena nikitafuta pa kumkamata. Sikupata. Ana haki, na ameandika vizuri, mtoto wa watu.

Niliumia, nisiwafiche. Ile ndiyo makala niliyoipenda kuliko zote. Nikaiacha siku mbili tatu, nikawaza nisimpigie Kalondu, kwani utampigiaje mjane umwambie mumewe ametajwa katika kosa? Halafu nikajikaza, nikaisoma hadi ukurasa wa mwisho, na viambatisho vyake vyote, jambo ambalo nawaagiza ninyi mlifanye kila mara. Ndipo nikapiga simu.

"Kalondu, ametajwa."

"Wapi?"

"Ng'ambo. Lakini ngoja kidogo. Hii inasema tulikosea."

Nikasikia kuku upande wa pili. "Nani na nani walikosea?"

"Mimi na Mzee Nzioka, vile tulieleza. Tulisema mbegu zilikuja na mabibi harusi. Kumbe zingine zilikuja na magunia, wakati wa njaa."

"Na Musyoka?"

"Walichukua mbegu zile aliweka benki, na penseli yake ikiwa bado inasomeka. Wakapima moja moja, upya. Kila moja iko pale alisema iko. Hata zile mbili. Zile mbili ndizo za magunia."

"Hata zile mbili?"

"Hata zile mbili. Imeandikwa kabisa, lebo zote ni sawa."

"Haya, Daktari," alisema. "Hiyo ya magunia mtajibizana nyinyi wenye kusoma. Mimi nimesikia yangu."

Kalondu hajui kukata simu, huiweka tu kando. Nikazisikia ndala zake zikivuka sakafu, nikasikia mlango wa mabati, kisha sauti yake nje, ile ya kuitia mtu aliye mbali shambani:

"Musyoka! Wee Musyoka! Kuja hapa nikuambie. Hukuchanganya!"